Mdogo wangu kafungua fremu mbele yangu, anauza gemu za elfu thelathini

Kibarazani kwa Mama Duka

Shikamoo Mama Duka,

Naandika nikiwa dukani, saa tano asubuhi, na tangu nifungue sijapata hata mtu wa kununua kava. Mbele yangu, hatua kumi na mbili (nimezihesabu), watu saba wamesongamana kwenye fremu ya mdogo wangu wa damu. Wananunua takataka.

Nina miaka 34, mke na mtoto mmoja, tunaishi Tabata. Biashara yangu iko Kariakoo, jirani na Mtaa wa Aggrey: vifaa vya simu na gemu za mkononi. Gemu nilizianza 2012 nikiwa winga tu, natembeza PSP (gemu ya mkononi ya Sony) za mtumba za tajiri mmoja aliyekuwa akizitoa Dubai. Nilizipenda kabla sijazifanya biashara. Mpaka leo ukinifumba macho ukanipa PSP mkononi, nitakuambia kwa uzito tu kama ni toleo la 1000 au la 3000. Nilipopata fremu yangu nikawa nanunua zilizochoka, nabadilisha kava na betri, nafungua mfumo, najaza gemu 50 au 60 kwenye memori kadi, kijana anaondoka na mpira wake wa PES roho yake imetulia. Kuna wakati nilikuwa natoa nne kwa siku.

2021 mama aliniomba nimchukue mdogo wangu. Alikuwa Korogwe, kamaliza kidato cha nne, anashinda kijiweni. Nikamleta, akalala sebuleni kwangu, nikamfundisha yote: kupima betri, kuongea na wakala wa mizigo wa Guangzhou, kumjua mteja anayeuliza bei kwa kupoteza muda na yule mwenye hela mfukoni. Miaka mitatu. Mwaka jana Februari akasema anataka kujitegemea. Nikambariki, nikampa na laki tano. Sikujua kwamba fremu aliyoipata ndiyo hiyo ninayoitazama sasa.

Anachouza ni vile vigemu vinaitwa SUP, vya "gemu 400 ndani". Rejareja elfu thelathini, jumla elfu ishirini na mbili. Mama, nakuapia, plastiki yake inalia ukiibonyeza. Gemu zenyewe ni Mario wa enzi za babu na vifaru, na nusu zinajirudia kwa majina mengine. Lakini watu wanakuja kama siafu. Siku hizi kaongeza na R36S, gemu nyingine ya mkononi, za laki na ishirini. Wateja wake hata wakiharibikiwa wanakuja kwangu, eti kaka, hili haliwaki, kwa sababu yeye hana fundi. Nawaambia warudi walikonunua.

Mimi niliamua kupanda juu badala ya kushuka. Nikachukua mkopo wa kikoba milioni nne, nikaongeza laki nane yangu, nikaleta Nintendo Switch kumi za mtumba, safi, kwa 480,000 kila moja hadi kufika. Marejesho ni 420,000 kwa mwezi, miezi kumi na moja. Nimelipa mitano. Katika miezi hiyo zimetoka tatu tu, na hela yake ndiyo iliyolipa hayo marejesho. Nilianza na bei ya 780,000, nikashusha 760, 740, 720, sasa niko 690. Yule wa kwanza alipoiona ya 690 kwenye stetasi yangu alikuja akanitukana mbele za watu. Duka limejaa mali zilizododa: Switch saba, PSP kumi na nne, boksi zima la betri za BL-5C za simu za vitufe nililonunua mwaka juzi, makava ya simu ambazo hakuna anayezitumia tena.

Siku mbili kabla ya Idd mdogo wangu alifunga saa kumi jioni kwa kuwa mzigo umemwishia. Mimi nilikaa mpaka saa tatu usiku, nikauza chaja mbili. Mawinga niliokuwa nawalipa mimi wanampelekea watu yeye. Na wiki iliyopita mama kapiga simu: mdogo wako kaniezekea jiko upya, wewe unakwama wapi mwanangu? Habari ya deni sijamwambia mtu zaidi ya mke wangu.

Nina mawazo matatu. La kwanza, nilete mzigo wa SUP nami, niuze elfu ishirini, nile hasara mpaka yeye afunge. La pili, nimripoti kwa watu wa bidhaa bandia. Hili ndilo mke wangu analitaka. La tatu, nihame mtaa nisimwone tena. Nishauri. Na unisaidie kuelewa kitu kimoja kinachoninyima usingizi: kitu bora kinashindwaje na takataka?

Ni mimi,
Kaka Mtu, Kariakoo


Marahaba mwanangu.

Nianze na aibu yangu. Miaka ya tisini nilikuwa na kijiduka cha midoli na saa Mtaa wa Uhuru. Mtu akanishawishi, nikaagiza Game Gear sita kupitia Dubai. Mashine ya Sega. Mwanangu, ilikuwa nzuri! Kioo cha rangi, kina taa yake ndani, unacheza hata gizani. Jirani yangu akaleta Game Boy ya Nintendo. Kioo chake hakina rangi wala taa, kina ukijani wa mchicha uliochemshwa ukasahaulika jikoni. Nilimcheka waziwazi. Nikasema nitamuuza huyu na duka lake.

Game Gear ilikula betri sita, zile za saa ya ukutani, ikazimaliza ndani ya saa tatu hadi tano. Game Boy ilikula nne, ikaenda zaidi ya saa kumi. Wateja wangu wawili wa kwanza walirudi ndani ya wiki moja, si kwa ubaya, walitaka tu kujua kama kuna namna ya kuifanya isile betri. Hakukuwa na namna. Baba mwenye watoto watatu na mshahara wa serikali akishapiga hesabu ya betri sita kila siku, hiyo rangi haioni tena. Nne zilizobaki niliziuza kwa bei ya kununulia, na ya mwisho nilimpa mtoto wa dada yangu.

Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba kilichonipata kilikuwa kimezipata na kampuni kubwa. Game Boy ilitoka Japani Aprili 1989, ikauzwa Marekani kwa dola 90 kasoro senti. Mwaka huohuo Atari wakatoa Lynx, nayo ya rangi, kwa bei karibu mara mbili. Sega wakaingia 1990 na Game Gear, iliyofika Marekani kwa dola 150. Zote mbili zilikuwa na nguvu kuliko Game Boy. Game Gear iliishia kwenye milioni kumi na kitu. Game Boy pamoja na mdogo wake wa rangi, Game Boy Color, zikafika milioni 118. Na usidhani Nintendo walishindwa kuweka rangi. Fundi wao Gunpei Yokoi alichagua makusudi vifaa vilivyozeeka, vya bei ndogo, ambavyo kila mtu kiwandani anavijua, halafu akaumiza kichwa namna ya kuvitumia upya. Alimfikiria mtoto aliye safarini, mbali na soketi.

Kwa hiyo swali lako la usiku nakujibu hivi: kitu bora hakikushindwa. Wewe ndiye unayepima ubora kwa kipimo cha fundi, na mnunuzi anapima kwa kipimo cha nyumbani kwake. Nani anainunua SUP ya elfu thelathini? Umewahi kuwatazama wale watu saba sura zao, au unawahesabu tu? Mimi bila kufika hapo nakuambia wengi ni akina mama na akina baba wanaomnunulia mtoto wa miaka saba ili aiachie simu yao ipumue. Mtu huyo hajawahi kuwa mteja wako hata siku moja. Hakukuacha wewe. Asingekuwepo mdogo wako, angenunua mpira au baiskeli ya mtumba.

Najua hapa utaniambia, basi vijana wangu wa PSP wako wapi? Tulia, nakuja.

Kwanza hiyo PSP yenyewe, maana nimeona kwenye barua yako kwamba wewe si muuzaji wa PSP, wewe ni mfuasi wake. Mwisho wa 2004 zilitoka mbili karibu pamoja. Nintendo DS ilianza Novemba kule Marekani kwa dola 150. Ina vioo viwili, kimoja unakigusa kwa kijiti, picha zake za kawaida tu. PSP ya Sony ilianza Japani Desemba, ikafika Marekani Machi 2005 kwa dola 250. Kioo kikubwa kinang'aa, inapiga muziki, inaonyesha filamu kwenye diski zake ndogo za UMD. Ukiziweka mezani mbele ya kijana wa Kariakoo, mkono unaenda kwenye PSP. Hata mwanangu wa tatu alilia nimnunulie, nikanunua. Lakini DS ikauza milioni 154 na PSP karibu milioni 80. Kwa sababu Nintendo walikwenda kutafuta watu wasiocheza gemu kabisa: wakawauzia wazee mazoezi ya ubongo, wakawauzia wasichana mbwa wa kufuga kwenye kioo. Wale hawakutolewa kwa Sony. Walitolewa majumbani, walikokuwa wamekaa na hela zao.

Na tazama upande wa pili. Mashine milioni 80! Mimi natamani mtu anishinde hivyo. Wote wanasema PSP ilishindwa, na wanaosema hawajauza hata nusu ya hizo. Kulikuwa na wateja wa aina mbili na kila mmoja alipata wake. Wewe ungekuwa Sony ungeshinda ukilia dirishani unahesabu watu wa DS.

Sasa vijana wako. 2011 Nintendo wakatoa 3DS, mrithi wa DS, na mwisho wa mwaka Sony wakatoa PS Vita, mrithi wa PSP. Kila mtu alisubiri vita ya pili. 3DS iliuza milioni 75, yaani kama nusu ya kaka yake. Vita ilidorora kiasi kwamba Sony waliacha kutangaza idadi yake peke yake, na 2019 wakaacha kuitengeneza. Wateja wa wote wawili walipungua, kwa sababu simu janja ilikuwa imeingia mfukoni. Tena wewe wa PSP ndiye unayejua zaidi: tangu 2012 kuna programu ya PPSSPP, kijana anaipakua kwenye simu yake ya kawaida, anacheza PES ileile uliyokuwa ukimjazia kwenye memori kadi, na timu zake zimesasishwa. Mteja wako hakuvuka hizo hatua kumi na mbili. Amelala kitandani kwao Mbagala na simu. Umemchukia mdogo wako kwa kosa la simu.

Alikosea, ndiyo. Kuja kukuambia, "kaka, nimepata fremu pale mbele yako", ilikuwa heshima ndogo isiyo na gharama, hakuifanya, na baada ya miaka mitatu sebuleni kwako ilikustahili. Mwambie limekuuma. Lakini kukaa mtaa mmoja nawe si uadui. Kariakoo nzima ndivyo inavyokwenda, vitenge na vitenge, simu na simu, mabomba na mabomba. Mnunuzi anajua mtaa, ndipo anachagua duka. Watu saba wanaosongamana mbele yako ni watu saba waliofika mbele yako.

Mawazo yako matatu sasa.

Kushusha bei mpaka mwenzio afunge ni mchezo wa mwenye akiba. Nintendo waliwahi kuuza kwa hasara, na hili nitalirudia, lakini walikuwa na hela benki. Wewe una kikoba na wanakikoba wanaojua mlango wa nyumbani kwako. Miezi miwili ya kuuza elfu ishirini na watakuja kuchukua friji.

Kumripoti. Hapa niruhusu nikuangalie machoni. Ni kweli, Tume ya Ushindani inashughulika na bidhaa bandia, na Sheria ya Alama za Bidhaa ipo tangu 1963. Kimashine chenye Mario ndani ambacho Nintendo hawakukitengeneza kina kesi ya kujibu, na R36S iliyojazwa maelfu ya gemu za kunakili nayo vilevile. Lakini umeandika kwa mkono wako kwamba unafungua mfumo wa PSP na kujaza gemu 60. Ulizinunua wapi hizo 60? Tabia hiyohiyo, dunia nzima, ni moja ya sababu zilizowafanya watengenezaji wa gemu waikimbie PSP. Wakaguzi wakija kwa mdogo wako, mwanangu, hatua kumi na mbili ni chache sana. Mwambie mkeo hivyo, kwa upole. Halafu keti na ndugu yako mwambie hatari iliyopo, kwa kuwa wote mmekalia moto mmoja, na wewe uanze kwa kuacha kujaza.

Kuhama sikujibu. Umelipa kilemba, watu wanaujua mlango wako.

Tuzungumze Switch, maana hapo ndipo penye deni. Nintendo wameuza zaidi ya milioni 150 ya hiyo mashine tangu Machi 2017, kwa hiyo tatizo haliko kwenye mashine. Mteja wa Dar akiingia anauliza nini? "Ina gemu ngapi ndani?" Mdogo wako anajibu mia nne. Wewe unajibu nini? Unajibu kwamba ni mashine original, ina nguvu, gemu unanunua pembeni. Maskini mteja anatoa laki sita na tisini anakwenda nyumbani kutazama menyu. Sony walijikwaa hapohapo na Vita: memori kadi yake ilikuwa ya kwao peke yao, ya GB 32 iliuzwa dola 100, kwenye mashine ya dola 250. Mnunuzi akahisi anatozwa mara mbili, akaondoka. Nintendo kwa upande wao, 1989 walipoipeleka Game Boy Marekani, walitaka kuweka Mario kwenye boksi. Henk Rogers, aliyekuwa anahangaika na haki za Tetris, akamshawishi Minoru Arakawa wa Nintendo kule Marekani aweke Tetris, mchezo wa Mrusi Alexey Pajitnov, kwa sababu Mario angewafaa watoto na Tetris ingemfaa kila mtu. Gemu moja ndani ya boksi. Baba akawa anamnyang'anya mtoto.

Kwa hiyo usiuze Switch tupu tena. Tafuta kadi za gemu za mtumba, za mpira, saba. Kama unazipata kwa elfu sabini kila moja, funga mashine na gemu yake, bei moja: 620,000. Weka runinga ndogo dukani, chomeka Switch, chomoa zile pande mbili za kuchezea, mpe kila mtu upande wake, waache wapigane mpira kila jioni saa kumi na moja. SUP na R36S hazina pande za kuchomoa namna hiyo, na simu ndiyo kabisa. Atakayenunua ni mwenye runinga nyumbani na watoto wawili wanaogombana. Muuzie huyo, achana na kijana wa PPSSPP.

Na bei uishushe mara moja tu. Huko kushusha elfu ishirini, thelathini kila baada ya wiki kadhaa ndiko kulikokuumiza, umewafundisha wateja kusubiri. 3DS ilipododa, Nintendo hawakukwenda hivyo. Ilitoka Marekani Machi 2011 kwa dola 250. Agosti 12 wakaiteremsha ghafla hadi 170, kwa hasara. Bosi wao, Satoru Iwata, akajikata nusu ya mshahara. Na wale walionunua kwa bei ya juu wakapewa gemu 20 za bure. Ndipo ikaanza kwenda. Wewe mshahara wako sijui kama upo hata wa kukata, lakini yule aliyekutukana mpigie simu leo. Mpe kadi moja ya gemu, mwambie samahani. Alitoa 780,000 kwa kukuamini, na matusi yake yalisikika na mtaa mzima. Acha na mengine yasikike.

Hesabu yake nimekupigia nyuma ya bahasha. Saba kwa 620,000 ni 4,340,000. Toa gemu, 490,000, na ya huyo bwana 70,000. Unabaki na 3,780,000. Marejesho yaliyobaki ni sita, 2,520,000. Deni linakwisha na milioni moja na laki mbili na sitini inabaki mkononi. Usizichukue hizo ukaleta Switch kumi nyingine! Leta mbili, zikitoka, mbili. PSP kumi na nne ziuze zilivyo kwa watu kama wewe, kwa sababu wapo, wanaozitaka kwa kumbukumbu, na ukishazimaliza usirudie.

Mama yako mwambie una deni. Yeye anaona jiko limeezekwa, kikoba hakioni. Mdogo wako pia mwambie. Nina wasiwasi huyu kijana anadhani kaka yake ni tajiri mwenye kinyongo.

Nilitaka kuishia hapo, ila kuna kitu kwenye barua yako umekitaja mara mbili bila kukiona. Kesho asubuhi vuka hizo hatua, msalimie ndugu yako, umwombe SUP moja. Igeuze, fungua kifuniko cha nyuma, itazame betri. Ni BL-5C. Ileile iliyojaza boksi lako tangu mwaka juzi. Wale unaowafukuza mlangoni na magemu yasiyowaka, wengi wao betri imekufa au imevimba, na mtaa mzima fundi wao ni wewe. Wakati ule wa Game Boy isiyo na taa, kuna kampuni zilizoishi kwa kuuza vitaa vya kupachika juu yake, na mashine yenyewe haikuwa yao. Mwambie mdogo wako awe anakuletea walioharibikiwa, mkubaliane chake. Kabla ya kufungua biashara hiyo lakini, zipime zote moja moja na mita. Zimekaa muda mrefu. Iliyovimba usimuuzie mtu, itakwenda kulala chini ya mto wa mtoto.